Siringomielia na kasoro ya Chiari: Kwa nini upasuaji huokoa kilichobaki kuliko kurudisha kilichopotea

Mkono unaoungua bila mwenyewe kuhisi ni ishara ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki huifasiri kwa neno moja tu: ukoma. Lakini upo ugonjwa mwingine, usiotokana na kijidudu chochote wala usioambukiza, unaoweza kumfikisha mtu mzima katika hali hiyo hiyo. Unaitwa siringomielia, na kwa wagonjwa wengi chanzo chake ni hitilafu ya kimaumbile iliyoko nyuma ya fuvu, ijulikanayo kama kasoro ya Chiari.

Tiba yake kuu ni upasuaji. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo mgonjwa na jamaa zake wanapaswa kulielewa kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa: lengo la kwanza la upasuaji huo ni kuzuia hasara isiendelee. Nguvu na hisia zilizopotea kwa miaka mingi mara nyingi hazirejei zote. Ndiyo maana muda unaopita kati ya dalili ya kwanza na siku ya upasuaji una uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Maumivu ya kisogo, kisha mkono usiohisi moto

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mama mwenye umri wa miaka 35 anayeuza chapati Kyebando, mtaa wenye watu wengi katika tarafa ya Kawempe, kaskazini mwa jiji la Kampala. Kwa muda mrefu amekuwa akipata maumivu makali ya kisogo kila akikohoa, akipiga chafya, akicheka sana au akinyanyua jerikani la maji. Maumivu hayo huja ghafla, hudumu kwa sekunde au dakika chache, kisha hutulia. Hununua vidonge vya kutuliza maumivu katika duka la dawa na kurudi kwenye sigiri yake.

Miaka miwili baadaye anagundua malengelenge kwenye vidole, asijue ameungua lini. Anaweza kuhisi unga mkononi, lakini hahisi joto la kikaango. Vidole vinaanza kukonda, sarafu zinamponyoka, na miguu inakuwa mizito anapopanda mlima. Majirani wananong'ona neno la Kiganda, ebigenge, yaani ukoma. Wengine wanazungumzia uchawi.

Katika mfano huu umbali si kikwazo. Hospitali ya Rufaa ya Taifa ya Mulago iko kilomita chache tu kutoka Kyebando, mwendo mfupi wa bodaboda. Kikwazo ni kwamba dalili hizi huja polepole, moja baada ya nyingine, na kila moja ina maelezo mepesi: uchovu, vidonda vya kazi, shinikizo la damu, baridi yabisi. Ni zinapounganishwa ndipo picha halisi inapojitokeza.

Kasoro ya Chiari ni nini?

Sehemu ya nyuma na chini ya fuvu hukaa ubongo mdogo, unaosaidia mwili kuwa na mizani na kuratibu mwendo. Chini yake kuna tundu kubwa la fuvu, ambamo shina la ubongo hushuka na kuungana na ugwe mgongo, yaani kamba laini ya neva inayopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Kwa kawaida tundu hilo huwa na nafasi ya kutosha kuruhusu maji ya ubongo, kiowevu angavu kinachouzunguka ubongo na ugwe mgongo, kupanda na kushuka bila kizuizi.

Kwa mtu mwenye kasoro ya Chiari ya aina ya kwanza, ncha mbili za chini za ubongo mdogo, ziitwazo tonsili (si zile za kooni), huteremka na kupenya katika tundu hilo. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kushuka kwa milimita 5 au zaidi chini ya ukingo wa tundu. Mara nyingi sababu ni kwamba chumba cha nyuma cha fuvu ni kidogo kuliko kawaida, hivyo ubongo mdogo hukosa nafasi.

Jina hilo linatokana na Hans Chiari, mtaalamu wa patholojia aliyefanya kazi Prague, ambaye alieleza kasoro hizi mwaka 1891. Aina ya pili, ambayo huonekana tangu utotoni, huambatana na mgongo wazi na ni suala tofauti. Aina ya kwanza inaweza kukaa kimya kwa miaka mingi na kujitokeza ukubwani, hasa kati ya umri wa miaka 20 na 50.

Maji huingiaje ndani ya ugwe mgongo?

Neno siringomielia lilianza kutumiwa na daktari Mfaransa, Charles-Prosper Ollivier d'Angers, katika miaka ya 1820. Limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya bomba na uboho. Hilo ndilo linalotokea: ndani ya ugwe mgongo hujitengeneza uwazi mrefu kama bomba, uliojaa maji.

Kwa muda mrefu madaktari walibishana kuhusu namna maji hayo yanavyoingia. Katika miaka ya 1950, James Gardner, daktari wa upasuaji wa mjini Cleveland, Marekani, alidai kwamba husukumwa kutoka katika vyumba vya ndani ya ubongo. Mwaka 1994 Edward Oldfield na wenzake, pia wa Marekani, walitoa maelezo ambayo leo yanakubaliwa na wengi zaidi. Kwa kila pigo la moyo damu huingia kwenye ubongo, na maji ya ubongo husukumwa kushuka kuelekea mgongoni. Tundu likiwa limezibwa na tonsili, maji hayapiti kwa uhuru. Badala yake tonsili zenyewe hupigapiga kama pistoni ya pampu, na msukumo huo hulazimisha maji kupenya ndani ya ugwe mgongo kidogo kidogo, siku baada ya siku.

Maelezo haya yana umuhimu wa kitabibu. Ikiwa tatizo ni kizibo kilichoko juu, basi kuyatoa maji yaliyoko chini bila kuondoa kizibo hakutoshi. Ni sawa na kukausha sakafu huku paa likiendelea kuvuja.

Ukoma au siringomielia?

Nyuzi za neva zinazobeba taarifa za maumivu, joto na baridi huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine katikati kabisa ya ugwe mgongo, mahali pale pale ambapo uwazi wa maji huanza kutanuka. Nyuzi za mguso wa kawaida hupita pembeni, upande wa nyuma, na huathirika baadaye. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuhisi pamba ikigusa ngozi yake lakini asihisi sindano wala maji ya moto. Eneo lililokufa ganzi mara nyingi hufuata umbo la shali: mabega, mikono na sehemu ya juu ya mgongo.

Kuchanganya ugonjwa huu na ukoma si kosa la watu wasio na elimu pekee. Mwaka 1883 daktari Mfaransa, Augustin Morvan, alieleza wagonjwa wa jimbo la Brittany waliokuwa na vidonda vya vidole visivyouma. Miaka michache baadaye Demetrius Zambaco, daktari mashuhuri aliyeishi Istanbul, alishikilia kwamba wagonjwa wa namna hiyo, pamoja na wale wa siringomielia, walikuwa na ukoma. Mjadala huo uliwagawa mabingwa wa Ulaya kwa miaka kadhaa.

Nchini Uganda kumbukumbu ya ukoma bado iko karibu. Vituo kama Buluba, Nyenga, Kumi na kisiwa cha Bwama katika Ziwa Bunyonyi viliwahifadhi wagonjwa waliotengwa na jamii zao kuanzia miaka ya 1920 na 1930. Hofu ya kutengwa inaweza kumfanya mtu afiche mikono yake badala ya kuionyesha kwa daktari.

Tofauti zipo, na mhudumu wa afya aliyefunzwa anaweza kuzitambua kwa vifaa vidogo: sindano, pamba, na chupa mbili za maji, moja ya baridi na nyingine ya uvuguvugu. Ukoma kwa kawaida huacha mabaka kwenye ngozi yaliyokufa ganzi, na baadhi ya mishipa ya fahamu, kama ule wa kiwiko, huvimba na kuweza kupapaswa. Siringomielia haileti mabaka. Badala yake miguu inaweza kukakamaa na kuruka kupita kiasi goti linapogongwa kwa nyundo ya daktari, mgongo unaweza kupinda upande, na maumivu ya kisogo huongezeka kwa kukohoa. Kutofautisha ni muhimu kwa pande zote mbili, kwani ukoma nao una tiba ya dawa, inayotolewa bila malipo, na kuucheleweshea dawa huleta ulemavu.

Nani anahitaji upasuaji?

Kipimo kinachothibitisha ni MRI ya ubongo na ya uti wote wa mgongo. Picha ya eksirei haionyeshi ugwe mgongo, na CT inaweza kuukosa uwazi wa maji. Baadhi ya hospitali huongeza MRI inayoonyesha jinsi maji ya ubongo yanavyotembea kwenye tundu la fuvu.

Si kila aliyekutwa na kasoro ya Chiari anapaswa kupasuliwa. Kwa kuwa MRI hutumika zaidi siku hizi, watu wengi hugunduliwa kwa bahati wakati wakichunguzwa jambo jingine. Mwaka 2019 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Milan, Italia, ili kuafikiana juu ya uchunguzi na tiba ya maradhi haya. Msimamo unaofuatwa na wengi kwa watu wazima ni huu: asiye na dalili na asiye na uwazi wa maji kwenye ugwe mgongo hufuatiliwa tu; mwenye dalili zinazotokana wazi na kasoro hiyo, hasa akiwa na siringomielia, hupendekezewa upasuaji. Walio katikati, kwa mfano wenye uwazi mdogo usiokua na wasio na dalili, huamuliwa mmoja mmoja baada ya mazungumzo kati ya daktari na mgonjwa.

Kabla ya uamuzi huo madaktari hutafuta mambo mawili. La kwanza ni iwapo vyumba vya ndani ya ubongo vimejaa maji kupita kiasi. Kama ndivyo, hali hiyo hutibiwa kwanza, kwa kuweka mrija wa kupunguza maji au kwa kutoboa njia mpya ya ndani kwa kutumia kamera ndogo. La pili ni iwapo kiungo kati ya fuvu na shingo kimelegea au mfupa wa shingo umepanda na kukandamiza shina la ubongo, kwani wagonjwa hao wanaweza kuhitaji shingo iimarishwe kwa vyuma.

Upasuaji hufanyika vipi?

Upasuaji huitwa upanuzi wa chumba cha nyuma cha fuvu. Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, kifudifudi, kichwa kikiwa kimeshikiliwa na kifaa maalumu kisitikisike. Daktari hupasua ngozi katikati ya kisogo hadi sehemu ya juu ya shingo, kisha huitenganisha misuli.

Hatua inayofuata ni kuondoa kipande cha mfupa wa kisogo kinachopakana na tundu la fuvu, mara nyingi chenye upana wa sentimita 3 hivi, pamoja na upinde wa nyuma wa pingili ya kwanza ya shingo. Mfupa huo haurudishwi, na misuli mizito ya shingo hulifunika pengo.

Chini ya mfupa kuna utando mgumu unaoufunika ubongo. Baadhi ya madaktari huishia hapo bila kuufungua, jambo linalopunguza hatari ya maji kuvuja. Lakini kwa watu wazima wenye siringomielia wengi huufungua na kushonea kiraka, kilichotolewa katika mwili wa mgonjwa mwenyewe au kilichotengenezwa kiwandani, ili kuongeza nafasi. Wengine hulegeza pia mikwamo iliyoko kati ya tonsili, au kuzipunguza ncha zake. Kazi nzima kwa kawaida huchukua saa kadhaa.

Ugwe mgongo wenyewe haukuguswa. Kizibo kikiondoka, maji yaliyomo ndani hupungua yenyewe katika majuma na miezi inayofuata. Kuingiza mrija moja kwa moja katika ugwe mgongo ili kuyatoa maji huwekwa kama njia ya akiba, kwa wale ambao upanuzi haukufaulu, kwa sababu mrija unaweza kuziba na kuupenya ugwe mgongo kwenyewe kuna madhara.

Mwaka 1930, wakati daktari Cornelis van Houweninghe Graftdijk wa Leiden, Uholanzi, alipojaribu upasuaji wa aina hii, hatari ilikuwa kubwa mno. Leo, katika vituo vyenye uzoefu, vifo ni nadra. Madhara yanayoogopwa zaidi ni kuvuja kwa maji ya ubongo kwenye kidonda, uvimbe wa maji chini ya ngozi, homa ya uti wa mgongo, na maji kujaa kichwani. Kidonda kinachotoa maji angavu baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani ni dharura, hata kama hana homa.

Mgonjwa atarajie nini?

Maumivu ya kisogo yanayotokana na kukohoa ndiyo yanayoitikia vizuri zaidi. Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa. Uwazi wa maji hupungua kwa sehemu kubwa ya waliopasuliwa. Lakini uwazi kupungua kwenye picha si lazima kuandamane na mkono kupona. Misuli iliyokonda kwa miaka mingi, ganzi ya muda mrefu na mgongo uliokwisha kupinda hubaki kwa kiwango fulani. Wengine huendelea kupata maumivu ya kuchoma mikononi, ambayo hutibiwa kwa dawa za mishipa ya fahamu.

Kwa hiyo mgonjwa aliyepasuliwa, ambaye hali yake imebaki kama ilivyokuwa bila kuzorota, kitabibu huhesabiwa kuwa amefaulu. Familia iliyoahidiwa uponyaji kamili inaweza kuyaona matokeo hayo kuwa ni kushindwa, ikaacha mazoezi ya viungo na miadi ya hospitali. Mazungumzo ya ukweli kabla ya upasuaji ni sehemu ya tiba.

Hali ilivyo Uganda

Upasuaji wa ubongo si jambo geni Kampala. Kitengo cha Mulago kilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 chini ya daktari Ian Bailey, na Jovan Kiryabwire akawa Mganda wa kwanza kubobea katika fani hiyo. Misukosuko ya kisiasa iliyofuata ilidumaza huduma za afya kwa miaka mingi. Mwaka 2007 ulianza ushirikiano kati ya Mulago na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, ukiongozwa na daktari Michael Haglund, ulioleta vifaa na kusaidia kufundisha madaktari bingwa nchini humo. Mashariki mwa nchi, hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale ilijipatia jina duniani kwa tiba ya watoto wenye maji kichwani, kwa njia ya kamera iliyoendelezwa huko na daktari Benjamin Warf.

Pengo lililobaki liko zaidi katika hatua za mwanzo. Mashine za MRI ni chache na ziko hasa mjini. Uganda haina bima ya afya ya taifa, hivyo gharama ya kipimo mara nyingi humwangukia mgonjwa. Aidha, hospitali kubwa za umma hulemewa na majeruhi wa ajali, wengi wao wa bodaboda, ambao hawawezi kusubiri. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake husonga kwa miaka huweza kusukumwa nyuma ya foleni, ilhali kila mwezi unaopita unaweza kumpokonya kitu asichoweza kurudishiwa.

Njia iliyo wazi kwa mkaazi wa Kyebando ni kuanzia kituo cha afya cha umma, kama kile cha Komamboga, na kuomba rufaa. Inasaidia kueleza dalili zote kwa pamoja na kwa mpangilio wa miaka: maumivu ya kisogo yalianza lini, kuungua bila kuhisi lini, udhaifu wa mkono lini. Ni mpangilio huo, zaidi ya dalili moja moja, unaomwelekeza daktari kwenye ugwe mgongo.

Tahadhari wakati wa kusubiri na baadaye

Mwenye ugonjwa huu anashauriwa aepuke kunyanyua mizigo mizito, kubeba mizigo kichwani na kukandwa shingo kwa nguvu. Mjamzito anapaswa kuwaeleza mapema mkunga na daktari wa usingizi, kwa kuwa kusukuma wakati wa kujifungua huongeza shinikizo kichwani, na sindano ya mgongoni inaweza kuleta madhara kwa baadhi ya wenye kasoro ya Chiari. Shida ya kumeza, sauti kubadilika, kukatika pumzi usingizini au miguu kudhoofika kwa haraka ni sababu za kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya upasuaji, MRI hurudiwa kwa kawaida ndani ya miezi kadhaa, na ufuatiliaji huendelea kwa miaka, kwa sababu uwazi wa maji unaweza kurejea. Mikono iliyokufa ganzi huendelea kuhitaji ulinzi: kutumia kitambaa kinene au koleo jikoni, kupima joto la maji kwa sehemu ya mwili inayohisi, na kuikagua mikono kila jioni penye mwanga, kwani jeraha lisilouma halimkumbushi mtu kulitibu.